Zilipendwa na Nani? Msikilizaji, Mhakiki na Wasanii wa Wimbo Mmoja wa Miaka ya 1980

IKISIRI

Makala haya yanachunguza hamu ya kale inayowashika wasikilizaji wa Kenya wanapozikumbuka nyimbo ndogo za dansi za miaka ya 1980, hasa zile za wasanii ambao umma unawajua kwa wimbo mmoja tu. Tunadai kwamba usanii wa wimbo mmoja ni zao la historia na la kumbukumbu kuliko kuwa kipimo cha kipawa. Tunadai pia kwamba kinachotamaniwa katika nyimbo hizi si muongo wenyewe, bali ni namna fulani ya kukisikia na kukisema Kiswahili ambayo haikupata nafasi darasani wala katika uhakiki wetu.

1. Utangulizi

Neno zilipendwa, ambalo katika Afrika Mashariki hutumiwa kuutaja muziki wa dansi wa miongo iliyopita, lina umbo linalostahili kuangaliwa. Kisarufi, neno hili ni sentensi kamili iliyogeuzwa jina. Kiambishi zi- chasimamia nyimbo, -li- chaonyesha wakati uliopita, na kauli ni ya kutendwa. Kama waliolibuni wangetaka kuzieleza nyimbo tu, tungetarajia zilizopendwa, kwa kirejeshi. Badala yake tumepewa taarifa iliyokamilika, mithili ya tanzia: zilipendwa, basi. Mtendaji ameachwa nje. Hatuambiwi zilipendwa na nani, wala kwa nini upendo huo umewekwa katika wakati uliopita ilhali anayelitamka neno lenyewe aghalabu bado anazipenda.

Makala haya yanadhamiria kumrudisha mtendaji huyo aliyefichwa. Nyimbo tunazozishughulikia si zile kubwa. Wimbo mkubwa huhama kutoka wakati hadi wakati na kupewa kazi mpya. "Malaika", ambao Fadhili William aliurekodi na ambao umiliki wake umezua mzozo wa muda mrefu, umeimbwa na Miriam Makeba na hata na kundi la Boney M. "Jambo Bwana" wa Them Mushrooms, uliotoka mwanzoni mwa miaka ya 1980, umekuwa salamu ya hoteli za pwani kwa wageni. "Kasongo" wa Orchestra Super Mazembe, wimbo wa miaka ya 1970, mwishoni mwa mwaka wa 2024 uligeuzwa na vijana wa Kenya kuwa jina la kejeli za kisiasa. Nyimbo za namna hii hazina mwaka tena. Anayezisikia leo huzisikia pamoja na matumizi yote yaliyozipitia.

Wimbo mdogo hauna bahati hiyo, na hapo ndipo penye nguvu yake. Ulisikika kwa msimu mmoja au miwili, kisha ukanyamaza. Kwa kuwa haukupewa kazi nyingine, ulibaki ulipokuwa. Unaporudi ghafla katika kipindi cha redio cha Jumapili au ndani ya matatu, huja na mwaka wake mzima mzima.

2. Hamu ya kale na mapokeo yetu

Dhana ya nostalgia iliingia katika taaluma kama ugonjwa. Mwaka wa 1688 Johannes Hofer, katika tasnifu yake ya utabibu huko Basel, aliliunda neno hilo kuelezea maradhi ya watu waliougua kwa kutamani kwao. Zaidi ya karne tatu baadaye, mwaka wa 2001, Svetlana Boym alizitenga hamu mbili: ile inayotaka kuirejesha nyumba iliyopotea kama ilivyokuwa, na ile inayokaa katika kutamani kwenyewe ikitafakari umbali uliopo. Katika makala haya tutaziita hamu ya urejeshi na hamu ya tafakuri.

Hata hivyo, fasihi ya Kiswahili haikungoja istilahi hizi. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir uliotungwa takribani mwanzoni mwa karne ya 19, umesimama juu ya magofu ya Pate. Mshairi anazitazama kasri zilizokuwa na taa na sasa zina popo na ndege, na kwa taswira hizo anauonya moyo wake usiidanganyikie dunia. Utenzi huo umetufunza kwamba kumbukumbu ya fahari iliyopita yapaswa kuzaa ibra. Methali nayo yatuambia kuwa ya kale hayanuki, yaani yaliyopita yasifukuliwe.

Msikilizaji wa zilipendwa hazifuati njia hizi mbili. Hatafuti ibra, na hakubali kunyamaza. Huenda ndiyo sababu wahakiki wengi wamemwona kuwa mtu mwepesi, anayejifurahisha tu. Kwa maoni yetu, mtazamo huo una upungufu. Kabla ya kumhukumu, hatuna budi kuuliza ni kitu gani hasa anachokitamani.

3. Mtunzi wa utungo mmoja

Uhakiki wetu umezoea mtunzi mwenye diwani. Tunafuatilia kukomaa kwake, tunalinganisha kazi zake za awali na za baadaye, tunazungumzia falsafa yake. Mtunzi wa utungo mmoja hatupi nafasi ya kufanya hivyo, nasi kwa urahisi tunamwita mdogo.

Lakini kigezo hiki hatukitumii kwa haki. Mwana Kupona binti Msham anajulikana kwa utenzi mmoja, ule aliomtungia bintiye takribani mwaka wa 1858. Hakuna anayemwita msanii wa wimbo mmoja. Twausoma utenzi wake, twabishana juu ya nafasi ya mwanamke ndani yake, twautahini vyuoni. Kwa hiyo, uchache wa kazi peke yake hauwezi kuwa sababu ya kumpuuza mtunzi. Kinachotofautisha ni kama jamii ya wasomi imeamua kuuhifadhi utungo huo au la.

Tuchukue mifano mitatu kutoka Nairobi. Wa kwanza ni "Shauri Yako". Wimbo huu ni wa Nguashi N'timbo, mwanamuziki kutoka Kongo. Hata hivyo, Wakenya wengi wanapoulizwa ni wa nani, hujibu kuwa ni wa Super Mazembe, bendi iliyoupiga upya na kuueneza. Hapa msanii wa wimbo mmoja amenyang'anywa hata huo mmoja. Wimbo unakumbukwa, jina linasahaulika, na jina kubwa linajaza pengo. Katika fasihi simulizi tungeita hali hii jambo la kawaida, kwamba utungo ni mali ya jamii. Lakini wimbo wa santuri si ngano. Una mtunzi, una lebo, na una mtu ambaye angestahili kulipwa.

Mfano wa pili ni wimbo wa Krismasi wa Baba Gaston, unaofahamika zaidi kwa neno "Kakolele". Baba Gaston aliongoza bendi kwa miaka mingi, tangu Kongo hadi Nairobi alikohamia katika miaka ya 1970, na alirekodi nyimbo nyingi. Kwa kipimo cha kazi, si msanii wa wimbo mmoja hata kidogo. Ni kumbukumbu ya umma iliyompunguza ikambakishia Desemba peke yake. Mfano huu ni muhimu kwa sababu unathibitisha kwamba "wimbo mmoja" ni hesabu ya msikilizaji, si ya mtunzi.

Wa tatu ni "Vunja Mifupa" wa Lessa Lassan na Popolipo. Tutaurejelea hapa chini.

Wasanii hawa watatu walitoka Kongo, na si sadfa. Nairobi ya miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 ilikuwa na studio, viwanda vya santuri na baa zenye majukwaa, na wanamuziki wa Kongo na Tanzania waliifuata riziki hiyo. Mfumo wenyewe ulijengwa juu ya santuri ndogo za nyimbo mojamoja. Mwanamuziki alilipwa, mara nyingi malipo ya mkupuo, akatoka. Kisha zikaja kanda za kaseti zilizonakiliwa bila idhini, zikaidhoofisha biashara ya santuri. Katikati ya muongo huo suala la vibali vya kazi liliwabana wanamuziki wa kigeni, na baadhi ya bendi zikavunjika au kutawanyika. Katika mazingira hayo, kutoa wimbo wa pili uliovuma lilikuwa jambo la kubahatisha. Tunapomwita mtu msanii wa wimbo mmoja, mara nyingi tunaitaja historia ya kibali chake bila kujua.

4. Kiswahili kisichotahiniwa

Mnamo Januari 1985 mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulianzishwa nchini Kenya, na Kiswahili kikawa somo la lazima na la kutahiniwa. Kwa taaluma yetu huo ulikuwa ushindi, na wengi wetu tuna kazi kwa sababu yake. Lakini ushindi huo uliwapa watoto wa muongo huo Kiswahili viwili kwa wakati mmoja: cha ubaoni na cha redioni.

Mwandishi wa makala haya alikuwa miongoni mwao. Katika insha moja ya shule ya msingi aliandika "hiyo ni shauri yako", na karatasi ikarudi na mstari mwekundu: shauri ni la ngeli ya li-ya, kwa hiyo "shauri lako". Mwalimu alikuwa na hoja. Jioni ile ile, redio ya jirani iliurudia "Shauri Yako" kwa sauti ya juu, na hakuna aliyeusahihisha. Mtoto alibaki na swali ambalo hakuwa na istilahi za kuliuliza. Je, watu wazima wote waliokuwa wakiimba ule wimbo walikuwa wamekosea, au kulikuwa na Kiswahili kingine ambacho hakikuwa na kalamu nyekundu?

Tunaweza sasa kulijibu. "Shauri yako" ni msemo ulioganda. Katika mazungumzo, maneno haya mawili hayamiliki tena shauri lolote. Yanaonya, yanajitoa lawamani, yanamwachia mtu mzigo wake. Ukisema "shauri lako", umerejesha sarufi lakini umepoteza onyo, maana msikilizaji atafikiri unazungumzia ushauri wake. Mwanamuziki wa Kongo, ambaye Kiswahili chake hakikupitia kamati ya usanifishaji, aliuchukua msemo huo ukiwa hai na kuufanya anwani.

Kwa mintarafu hii, tunadai kwamba sehemu kubwa ya hamu ya nyimbo hizi ni hamu ya lugha. Msikilizaji hatamani tu gita na ujana wake. Anatamani Kiswahili alichokielewa bila kukitahiniwa, kilichochanganya upatanisho, kilichoingiza Lingala pale kilipotaka, na ambacho mtu wa Kakamega, wa Machakos na wa Lubumbashi waliweza kukicheza pamoja. Neno "Kakolele" halikuwahi kuingia katika orodha ya msamiati wa darasa lolote tulilokaa. Hata hivyo, kila Desemba huimbwa na watu ambao wangeshindwa kulieleza, na hawaoni haya.

Katika miaka hiyo hiyo wahakiki wa ushairi walikuwa katika mgogoro wa arudhi na ushairi huru. Upande mmoja ulisimama na vina na mizani kama zilivyofafanuliwa na Kaluta Amri Abedi mwaka wa 1954. Upande wa pili ulimtazama Kezilahabi na Kichomi chake cha 1974. Mgogoro ule ulikuwa na manufaa. Lakini tungo za Kiswahili zilizosikika na watu wengi zaidi katika muongo huo zilikuwa nyimbo, na pande zote mbili hazikuzipa nafasi kubwa katika hoja zao. Kwa wanaarudhi, nyimbo hizi hazikuwa na mizani. Kwa wapinzani wao, hazikuwa na uzito wa fikra.

5. Fani: upande wa kwanza na wa pili

Haifai kujibu upuuzaji huo kwa kusifu kupita kiasi. Ukiyaandika maneno ya nyimbo nyingi za aina hii kwenye karatasi, utapata machache: lalama la mpenzi, jina la mtu, onyo, kisha marudio. Baadhi ni tungo hafifu na zitabaki kuwa hafifu. Kuupenda wimbo si kuuhakiki, na mhakiki anayeuita kila wimbo wa utotoni mwake johari hajamsaidia mtu.

Lakini karatasi si mahali pake. Santuri ya wakati huo ilikuwa na nafasi ya dakika chache kila upande, na nyimbo nyingi ziligawanywa sehemu mbili. Upande wa kwanza ulibeba kisa. Upande wa pili ulielekea kwenye sebene, au chemko kama wasemavyo Watanzania, ambapo maneno hupungua na magita yakashika usemi. Kwa hiyo uchache wa maneno si umaskini wa mtunzi, ni mpango. Maneno yanaweka hali, kisha yanaondoka. Marudio yanayomchosha msomaji ndiyo yanayompa mchezaji muda wa kuingia. Anayeyahakiki maneno peke yake amesoma upande mmoja wa santuri.

"Vunja Mifupa" unaonyesha jinsi muda wenyewe unavyoweza kuwa sehemu ya fani. Anwani yake imetokana na msemo unaomhimiza mwenye meno aitafune mifupa kabla meno hayajang'oka. Wakati wimbo ulipovuma, msemo huo uliwalenga vijana waliokuwa sakafuni: kuleni ujana wenu. Nafsi inayosema ilikuwa na meno, na nafsi inayosemeshwa ilikuwa na meno. Leo wanaouitisha wimbo huo ni watu wa umri mwingine. Amri ni ile ile na hakuna silabi iliyobadilika, lakini anayeamriwa ameshavuka muda wa kutii. Himizo limekuwa maombolezo.

Mabadiliko haya hayakufanywa na mtunzi wala na mwimbaji. Yamefanywa na ukimya wa miaka mingi kati ya kusikika kwa kwanza na kusikika kwa leo. Wimbo mkubwa, unaopigwa kila wiki, hauwezi kupata maana hii kwa sababu hauna ukimya. Hapa wimbo mdogo wa baa umekaribia, kwa njia yake, pale palipofikiwa na Al-Inkishafi. Tofauti ni kwamba Sayyid Abdalla alizikuta kasri zikiwa magofu na akatunga. Katika "Vunja Mifupa" utungo ulitangulia, na magofu ni sisi.

6. Kimya cha nyimbo

Kuna pingamizi moja ambalo haliwezi kukwepwa. Miaka ya 1980 nchini Kenya haikuwa miaka ya kucheza tu. Mnamo Juni 1982 katiba ilibadilishwa ili kuruhusu chama kimoja pekee. Tarehe 1 Agosti mwaka huo huo kulikuwa na jaribio la mapinduzi. Mwaka wa 1984 ukame uliwafikisha wengi kwenye njaa, na mwaka huo huo yakatokea mauaji ya Wagalla. Mwaka wa 1986 watu kadhaa, wakiwemo wahadhiri na wanafunzi, walikamatwa kwa tuhuma za Mwakenya, na mwaka wa 1988 wapigakura walipanga foleni nyuma ya wagombea. Vyuo vyetu vinayajua mambo haya kwa majina ya watu.

Nyimbo tunazozizungumzia zilipita katika Sauti ya Kenya, kituo kile kile kilichotekwa na wanajeshi asubuhi ya Agosti Mosi, ambapo mtangazaji Leonard Mambo Mbotela alilazimishwa kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Kati ya hotuba, nyimbo za kwaya za kuusifu utawala na kadi za salamu za wasikilizaji, "Shauri Yako" na wenzake walipata dakika zao. Je, mwenye kuzitamani dakika hizo hausafishi muongo huo?

Jibu letu lina sehemu mbili. Kwanza, hatari hiyo ipo. Vipo vipindi na maandishi ambayo huutumia wimbo wa mapenzi kama ushahidi kwamba siku zile zilikuwa njema, watu walipendana, na nchi ilitulia. Hiyo ni hamu ya urejeshi, na mhakiki anapaswa kuipinga waziwazi. Wimbo kuwa mtamu si ushahidi juu ya serikali iliyokuwepo ulipopigwa.

Pili, kimya cha wimbo hakimaanishi ukubalifu. Mwanamuziki mgeni, ambaye kibali chake kilikuwa mkononi mwa ofisa, hakuwa na uhuru wa kuimba siasa za nchi iliyompokea. Kuimba juu ya mke, rafiki msaliti na mifupa kulikuwa ndiyo nafasi aliyoachiwa. Msikilizaji naye alijua mambo ya kutosema. Wimbo usiomsifu yeyote, katika redio iliyojaa sifa, ulikuwa pumzi ya dakika chache. Hatudai kwamba ulikuwa upinzani. Dai hilo lingekuwa kubwa mno. Twadai tu kwamba msikilizaji anayeikumbuka pumzi hiyo haikumbuki raha ya muongo. Anakumbuka mahali padogo ambapo muongo haukumfikia. Hiyo ni hamu ya tafakuri, na haina haja ya kudanganya ili iwepo.

7. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba msanii wa wimbo mmoja hutokana na uchumi wa santuri, vibali vya kazi na uchaguzi wa kumbukumbu, na kwamba hamu ya nyimbo zake ni hamu ya Kiswahili kilichoishi nje ya mtihani. Kutokana na hoja hizi, tunapendekeza mambo matatu kwa watafiti chipukizi. Kwanza, wajifunze kuuhakiki utungo mmoja bila kuudai diwani, kama tunavyomsoma Mwana Kupona. Pili, wanaponukuu maneno ya nyimbo, wasiyasafishe upatanisho wake, maana mara nyingi maana imekaa pale pale penye kile kinachoitwa kosa. Tatu, waandike majina. Kazi ya kumtenga N'timbo na Super Mazembe katika tanbihi moja ni ndogo, lakini ni ya haki.

Kazi hii ina haraka yake. Santuri hukwaruzika, kanda hunata, na sasa nyimbo nyingi huwekwa mitandaoni bila jina la mtunzi, bila mwaka, na wakati mwingine zikiwa na jina la mtu mwingine. Waliokuwa wakicheza katika baa zile ndio wenye majibu, nao wanapungua kila mwaka. Tuliuliza mwanzoni zilipendwa na nani. Zilipendwa na watu hao, na wangali hai kuulizwa kwa muda usio mrefu.